Kisima cha Nyuma ya Karakana

Nilihamia Dodoma miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yakiuzwa na kila mwenye akiba akitafuta kiwanja. Kazi yangu ilikuwa ngeni hata kwa walionituma. Kabla benki haijamkopesha mtu fedha za kununua nyumba, nilikwenda kutoboa ardhi yake kwa chuma, nikachukua udongo na maji ya kupimwa, kisha nikaandika kama pana sumu. Watu walidhani natafuta madini. Nilichoka kuwaeleza, nikawaacha na madini yao.

Nilipanga chumba kimoja, na mji mzima sikuwa na mlango wa kupigia hodi. Upweke ule ulinifanya niwe na hasira za bure. Niligombana hata na wauza vitunguu.

Ndipo nikatumwa kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, wa ukoo wa wale waliofika na misafara ya biashara enzi za mababu. Mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindi wa mtaa wa pili, alitaka kuinunua kwa mkopo. Bibi alitaka kuuza ili aende kijijini Busi kwa dada yake, ndugu pekee aliyembakia.

"Nataka nife nikiwa na mtu wa kugombana naye," aliniambia.

Kila nilipofika nikamwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba, mchimba makaburi. La nani leo?" Kisha alinichotea maji mtungini. Yalinukia ubani, kwa sababu kila asubuhi aliufukiza mtungi juu ya chetezo kabla ya kuujaza, kama bibi zake walivyofanya. Mtaa mzima uliteka maji kisimani kwake, na mtaa mzima ulifukiza mitungi. Mchana kutwa uani palikuwa na ndoo, vicheko na umbea. Kazi ile niliivuta makusudi, maana hapakuwa na pengine nilipotaniwa.

Shimo la mwisho nililitoboa kando ya ukuta. Upande wa pili palikuwa na karakana ya malori ya shirika lililokwisha kufa, na tangi lao la dizeli lilikuwa bado limefukiwa ardhini. Udongo ulitoka mweusi, unanuka. Nikaenda kisimani, nikavuta ndoo mwenyewe, nikainusa kabla haijafika mtungini. Ilinuka dizeli.

"Bibi, maji haya yananuka tangu lini?"

"Kisima kizee hicho, mjukuu wangu. Kinanuka mdomo kama sisi wazee. Ndiyo maana tunakifukizia."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Majibu ya maabara yalikuja yakisema nilichokwisha kunusa, nami nikaandika ripoti. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wanasema. Inawezekana, lakini wiki ile sikumwona binadamu aliyenipenda. Benki ikakataa mkopo. Mhindi akanunua kwingine, na hakuna aliyekuja tena kuuliza bei. Bwana afya wa mji akafunika kisima kwa zege, na wanawake wa mtaa wakahamia kwenye bomba la mbali. Leo ningeandika vilevile, neno kwa neno. Watoto walikuwa wakinywa yale maji.

Nikaanza kumpelekea bibi dumu la maji kila Jumamosi. Uani palikuwa kimya kiasi cha kusikia kuku akitembea. Habari ya Busi hakuitaja tena, na mimi sikuthubutu kuuliza. Niliogopa kwenda kwake na niliogopa zaidi kutokwenda, kwa kuwa nisingekuwa na pa kwenda.

Jumamosi moja alinichotea maji kama zamani. Nikapeleka kata mdomoni, nikasita. Chetezo kilikuwa pembeni, majivu yake yamepoa.

"Bibi, leo hukufukiza?"

"Nimfukizie nani? Ubani ni wa watu wanaokuja."

"Na mimi je, bibi? Si nimekuja?"

Alinitazama bila chuki, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kitu.

"Wewe ulikuja kupima," alisema.

Nikanywa. Maji yalikuwa safi kabisa, hayana harufu yoyote.