Radi, Mwangwi na Kadi za Mdogo Wake

Kila Jumapili saa tisa mchana mimi hufunga kibanda changu cha kunyolea na kwenda mlango wa pili kuwa mkono wa mtu mwingine. Jirani yangu ni fundi cherehani. Mdogo wake wa kike, aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi wao kufariki, ni muuguzi nchi ya mbali, na ana miaka tisa hajatia mguu nyumbani. Wanacheza kadi kwa simu ya picha. Fundi anashika zake, mimi nashika za huyo dada yake na kumwonyesha, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Nikigeuza shingo kidogo tu, Fundi ananiambia nina macho ya mwizi.

Ni zile kadi za vita na uchawi, boksi zima walilochezea utotoni, pembe zimelika. Jumapili hiyo dada alisema amepata chama cha wachezaji huko aliko, kwa hiyo anazitaka.

"Nikishinda leo, unitumie zote."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Nikishinda mimi, uje uzichukue mwenyewe."

"Sawa, kaka." Alikubali haraka mno, ila wakati ule sikulitia maanani.

Roho yangu ilikuwa juu. Boksi likiondoka, na simu za Jumapili zimekwenda nalo. Fundi hana soga. Mpe simu bila kadi, ataulizia mvua kisha atakata.

Ikafika mahali kila mmoja amebakiwa na kiumbe kimoja mezani: dada Chui, kaka Mlinzi. Dada akaniambia nitoe Radi, kadi inayoua kiumbe kimoja unachokilenga, kisha inakuokotesha kadi mbili. Nikamlenga Mlinzi. Fundi akajibu kwa Mwangwi, kadi inayotoa nakala ya uchawi wa mpinzani, na nakala inakuwa yako.

"Nakala yangu inamlenga Chui," akasema.

"Hapana, kaka. Huku wamenifundisha. Nakala inafuata shabaha ileile, labda kadi yenyewe ikuruhusu kubadili. Kinyozi, hebu isome."

Nikaisoma kwa sauti. Ruhusa haikuwepo.

"Kumbe miaka yote tunakosea!" dada akacheka.

"Unakosea wewe. Sheria ya kubadili shabaha uliitunga wewe una miaka saba, umeshindwa, unalia."

"Ulikuwa unajua?"

"Mtoto analia, ningefanyaje? Haya, leo tufuate kitabu cha sheria."

Kwa kitabu, nakala hutangulia. Ikamuua Mlinzi wa Fundi mwenyewe, na kwa kuwa nakala ni yake, yeye ndiye aliyeokota kadi mbili. Kisha ikaja Radi ya dada, ikamtafuta Mlinzi, haikumkuta. Uchawi uliokosa shabaha hufutika wote, na kadi mbili za dada zikaota mbawa. Nikataka kumtetea, mkono wake si ndio mimi? Wote wawili wakaniambia ninyamaze.

Katika zile mbili Fundi aliokota Moto, kadi ya kumalizia, inayokata alama za uhai za mchezaji mwenyewe. Zamu yake ilipofika akaitoa, na alama chache za uhai alizobakiwa nazo dada zikaisha. Kaka ameshinda.

Fundi akasimama kabisa, ameshika ukingo wa meza. "Unakuja lini?"

Dada akatazama pembeni. "Kaka, likizo ya mwaka huu niliimaliza nilipohama nyumba. Nilikubali kwa sababu nilijua nitashinda."

Fundi akakaa taratibu. Nilimwonea huruma mpaka nikaona haya kuwa pale.

"Hata mimi," akasema baadaye, "ningeshindwa nisingezituma."

Wakacheka, wote wawili, kicheko kilekile kimoja. Kicheko kikaisha, na hakuna aliyekata simu.

"Nina hamu na wewe, mdogo wangu."

Miaka yote ya ujirani wetu sijamsikia akisema neno kama hilo. Dada alikuwa amejifunika uso kwa kiganja. Mimi nilikuwa bado nimeshika kadi zake, na sikujua niziweke wapi.