Maandishi Niliyoyafuta Musoma

Barua pepe iliyonitoa Mwanza ilikuwa na habari njema. Tamasha moja la filamu huko Ulaya lilikuwa limeichagua filamu yangu ya dakika arobaini, mimi ambaye kwa miaka mingi nimekula kwa kupiga picha za harusi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mwishoni kabisa palikuwa na mistari miwili: siku hizi filamu zao zote huonyeshwa ukumbini na pia kwenye mtandao kwa wiki nzima, popote duniani, kwa hiyo nithibitishe kwamba waliomo ndani wameridhia.

Walikuwa wameridhia, kwa namna fulani. Filamu inahusu dada wawili: Wakuru, fundi cherehani wa Bunda, na mdogo wake Nyabise, muuguzi mstaafu wa Butiama. Walikuwa hawasemezani tangu mama yao afariki, miaka sita sasa. Waliposaini fomu niliwaambia kazi itaonyeshwa nje ya nchi. Sasa nje ya nchi imehamia kwenye simu ya kila mtu, hata ya jirani yao.

Katika mikutano ya mtandaoni ya watengeneza filamu nimesikia mabishano haya mara nyingi. Wapo wanaosema mtandao umewasaidia wasiopata viza wala nauli. Wapo wanaosema unaua ukumbi. Na wapo wanaouliza kama mtu aliyepigwa picha anajua hasa amekubali kitu gani. Hao wa mwisho wakianza kuongea mimi nilikuwa nazima kamera na kujifanya mtandao unasumbua, kwa sababu nilikuwa na jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Mbele ya kamera Wakuru alisema wazi kwamba mdogo wake, pamoja na uuguzi wake wote, alimwacha mama yao akafa nyumbani. Naye Nyabise, siku niliyompiga picha akiwa kaburini kwa mama yake, alisema maneno marefu kwa Kizanaki, lugha nisiyoijua. Niliporudi Mwanza nilitafuta mtu wa kunitafsiria. Nyabise alikuwa amesema kwamba mama mwenyewe alikataa kurudishwa hospitali, alikuwa amechoka, na alimwomba asimwambie dada yake. Niliyaweka maneno hayo kwa maandishi chini ya picha, mwishoni mwa filamu. Ndiyo sehemu iliyowavutia watu wa tamasha. Nilikaa na siri hiyo miezi minane.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Musoma. Kuanzia Lamadi vipande vya pamba vilikuwa vimenasa kwenye majani pande zote za barabara, vilivyodondoka kutoka kwenye malori. Nilikuwa nimebeba kompyuta mapajani kama mtoto mgonjwa. Nilipanga nianze Bunda kwa sababu moja tu, basi linafika Bunda kwanza. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Saa nne na nusu nilikuwa kwa Wakuru, nyuma ya soko. Wakati wa kupiga picha nilipanga chumba kwake, kwa hiyo alinipokea kama mtu wa nyumbani. Alinipa uji, akauliza habari za Mwanza, akafuta mezani mabaki ya vitambaa ili niweke kompyuta.

"Ni sinema ya kwetu hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nataka uione kabla ya watu wengine."

Aliitazama akiwa amevua miwani na kuishika mkononi, kisha akaivaa. Alipojisikia akimshutumu mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Lakini Nyabise alipoanza kusema kaburini, Wakuru hakusoma maandishi yangu. Aliinamisha sikio kwenye kompyuta na kufumba macho.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu alinyanyua mkono, nikasimamisha.

"Hii maneno umekaa nayo muda gani?"

"Miezi minane, mama."

"Krismasi ulikuja hapa. Tulikula pamoja. Nilikuwa bado namsemeaga yule mdogo wangu vibaya, na wewe ulikuwa unajua?"

Nilitaka kumwambia kwamba filamu ilikuwa bado haijakamilika, nikaona aibu kuanza. Yeye alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akafunika cherehani.

"Twende Butiama," alisema.

Saa saba tulikuwa ndani ya gari, yeye mbele na mimi nyuma. Tulishuka Kiabakari, tukachukua bodaboda mbili kuingia Butiama, kati ya mawe makubwa na nyua za minyaa. Nilimwona mbele yangu ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, na kichwani mwangu nilikuwa naiaga filamu. Kama wangenikataza nisingekuwa na neno la kuwapinga.

Nyabise alikuwa uani akipeta ulezi. Alimwona dada yake, akaweka ungo chini polepole, akasimama. Wakuru ndiye aliyesema kwanza, kwa Kizanaki, sentensi moja fupi. Nyabise akaketi tena hapohapo kwenye kigoda na kujifunika uso kwa kanga. Wakuru akamfuata, akakaa chini kwenye mkeka, mtu mzima wa miaka sabini na zaidi, akaweka mkono kwenye goti la mdogo wake. Wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Niliondoka, nikaenda kusimama barabarani. Kamera ilikuwa kwenye begi, na sikuigusa.

Kama saa moja baadaye Nyabise aliniita. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia, ile sauti ya mtu aliyefanya kazi wodini maisha yake yote.

"Mwanangu, yale maneno nilisema kwa Kizanaki ili wewe usielewe. Nilikuwa naongea na mama."

"Nisamehe, mama."

"Ungenirudia. Ungeniuliza. Wewe umeanzia kwa dada, kwa nini hukuanza kwangu?"

"Basi lilifika Bunda kwanza," nilisema, na nilipojisikia nikisema hivyo nilitamani ardhi ipasuke.

Wakuru alicheka kidogo, cheko la kwanza siku ile. "Muache. Angeanza kwako, wewe ungemkataza, na mimi ningekufa sijui."

Nyabise akachukua ungo, akaushika bila kupeta. "Miaka sita nimeibeba hii peke yangu," alimwambia dada yake. "Mama aliniambia dada atalia. Nikawa naogopa. Sasa umelia, na bado uko hapa."

Tulikula viazi vitamu na maziwa ya mgando, na baada ya chakula waliniambia uamuzi wao, wakisaidiana kuusema. Sauti ya Nyabise ibaki, kwa sababu ni maneno yake kwa mama yake. Maandishi yaondoke, Wazungu wasikilize tu. Shutuma ya Wakuru nayo itoke, kwa kuwa si kweli tena. Na filamu isiwekwe kwenye mtandao, maana huko wajukuu na majirani wote wanaojua Kizanaki wataisikia.

"Na hapa nyumbani?" niliuliza.

"Hapa nyumbani tutaamua wenyewe, mimi na huyu," alisema Wakuru.

Jumatano asubuhi nilifika Musoma. Nilichukua chumba karibu na ziwa mahali penye mtandao wa kuaminika, nikafungua filamu. Kuondoa shutuma ya Wakuru kulichukua dakika chache. Maandishi yalinishinda kwa muda mrefu zaidi. Nilikuwa naufuta mstari, naurudisha, naufuta. Bila mistari ile mtazamaji wa kigeni angeona mwanamke akizungumza na kaburi kwa dakika nne na asijue anasema nini. Ndiyo sehemu niliyochaguliwa kwa ajili yake. Mwisho niliyafuta maandishi yote, nikafunga kazi kabla sijabadilisha mawazo.

Nilimwandikia Helena, mwanamke anayechagua filamu za tamasha lile, nikamtumia filamu niliyoirekebisha na kumweleza kila kitu, pamoja na makosa yangu. Kisha nilikwenda kula sato wa kukaanga, nikashindwa kummaliza.

Saa tisa alasiri simu iliita. Helena alisema barua yangu imesomwa ofisini kwa sauti. Wamekuwa wakibishana wao kwa wao juu ya jambo hilohilo, kama kila neno la mtu wa mbali lazima litafsiriwe kwa ajili ya watazamaji wao. Mwenzake mmoja alipinga; aliona filamu imepoteza kilele chake.

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Nimeitazama mara mbili. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa kwamba si mimi niliyekuwa nikiambiwa."

Filamu ingeonyeshwa ukumbini tu. Kwa hiyo isingeingia kwenye tuzo inayopigiwa kura na watazamaji wa mtandaoni. Nilimwambia ni sawa, na kweli ilikuwa sawa. Nilipokata simu nilijikuta nimekaa kwenye ngazi za ile nyumba, kama mtu aliyetua mzigo wa gunia, nacheka peke yangu.

Alhamisi basi la kurudi Mwanza lilisimama Bunda kwa robo saa. Nilimpigia Wakuru kumpa taarifa. Alipokea Nyabise.

"Tuko wote hapa, nimekuja anishonee gauni," alisema. "Anapima vibaya, namwambia hasikii."

Nyuma yake nilimsikia dada yake akimjibu kwa Kizanaki, kwa haraka, na Nyabise akimrudishia. Simu ilikuwa bado hewani, wamenisahau. Sikujua wanasema nini. Katika safari ile nimejifunza kwamba yapo ya kuuliza kwanza, na yapo yasiyonihusu kabisa. Niliwasikiliza kidogo, kisha nikakata.