Behewa Limeditachiwa

Jumatano nilipanga foleni kwenye stesheni moja ya bonde letu la Kilombero, nyuma ya mama wa Mofu aliyekuja kupokea vifaranga wake kutoka Dar es Salaam. Treni ilikwishapita, na vifaranga hawakushuka.

“Behewa limeditachiwa,” alisema karani wa dirishani, akiendelea kuchonga penseli.

“Ndiyo nini hiyo, mwanangu?”

“Limeditachiwa, mama. Ni taratibu.”

Ikabidi mimi nimweleze kwamba wamelikata kwenye treni, wakaliacha njiani.

“Nani amelikata?”

Karani akatazama dari. “Limeditachiwa tu.”

“Vifaranga wachanga hivyo, kwenye jua hili. Nani anawapa maji?”

Karani akarudia penseli yake. Kitenzi hicho cha Kiingereza, “detach”, nilikisoma shuleni, na huko hakikuwa na matata: mtu anatenganisha kitu na kitu. Kikifika ofisini kwetu, mtu anatoweka, kinabaki kitendo kinachojitenda chenyewe.

Saa ya kufunga ilipofika, mama alikuwa ameketi mlangoni, kanga kaitandika vizuri.

“Mama, tunafunga.”

“Fungeni, baba. Mimi nimeditachiwa hapa. Ni taratibu.”

Karani akaweka penseli chini, akazungusha simu. Kiswahili kikamtoka chote: “Wewe, mbona umekata behewa la watu? Wape maji hao vifaranga kabla hawajafa, na kesho uliunge kwenye treni ya asubuhi.”

Kumbe aliyelikata alikuwepo muda wote, huko stesheni ya njiani, na simu anayo mezani.