Rangi ya Paa la Kanisa

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwetu wiki iliyopita, mizani begani, akaingia moja kwa moja migombani kama mtu aliyeitwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kufagia nyumba ya marehemu baba, nyumba ambayo siku hizi hailali mtu. Niliposikia nyundo ikigonga bati, nilijua anagonga nini. Ilikuwa Landrova ya baba. Imezama udongoni mpaka ringi, kuku wanatagia kiti cha dereva, na mgomba umechomoza pale palipokuwa na injini. Nilitoka mbio nimfukuze. Halafu nikaona kijani pale alipokwaruza, nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Keti nawe, rafiki yangu. Jambo hili sijamwambia mtu anayenijua.

Kama ulikulia milima ya Nyamira miaka ile ya sabini mwanzoni, unaikumbuka Ijumaa ya Wasabato. Chai ilichumwa mapema na kufikishwa kituoni kabla ya wengine kuamka. Chinsaga, zile mboga chungu, zilichemka tangu asubuhi na maziwa, nyumba nzima ikanuka uchungu mtamu. Chakula cha kesho kilipikwa leo, nguo zikapigwa pasi ya makaa, viatu vikapakwa rangi, na ole wako jua likutie ufagio mkononi. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Yeye hata sanduku lake la spana alilifunga kwa kufuli, kisha ufunguo akampa nyanya, mama yake, aufunge kwenye pindo la leso mpaka Sabato ipite. "Mkono una mazoea," alikuwa akisema, "na shetani anajua spana ilipo." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Gari lenyewe alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari pekee kwenye mlima wetu, kwa hiyo lilikuwa la kila mtu. Lilibeba maharusi, wagonjwa, majeneza, magunia ya mahindi, na mara moja fahali aliyemla dereva koti. Likipanda kilima ulilisikia kabla hujaliona, nasi watoto tulilikimbilia tukiimba. Mimi nilijiona binti wa mfalme, nisikufiche.

Mwaka mmoja makambi, ile mikutano mikuu ya kanisa letu, yalikuwa yafanyike kwetu mwezi wa nane, na wageni wangetoka mpaka Kenyenya. Kanisa lilipakwa paa rangi ya kijani, na makopo mawili yakabaki. Baba akaomba alipake gari. Tulianza Jumatatu. Alifungua taa za mbele, akasugua kutu kwa msasa, kisha akaniita, kwa sababu nyuma ya kila taa, ndani ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, palikuwa na upenyo ambao mkono wa mtu mzima haukuingia. Wangu uliingia. Nilikuwa na miaka tisa.

"Paka ndani kote," akaniambia. "Binadamu huangalia nje, Mungu huona ndani. Lakini hapa," akanishika kidole akakigusisha mahali alipopakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, "hapa usipake. Hapa inafungwa boliti ya waya mweusi. Umesikia?"

Nilisikia. Nilipaka siku tatu, shavu langu limeegemea bati, pua imejaa harufu ya tapentaini. Alhamisi jioni kazi ikaisha, ndani kukawa kijani kitupu isipokuwa mahali pawili, kila taa na pake, peupe kama kovu. Pakanikera. Nikajiuliza, kama Mungu huona ndani, ataona nini hapa? Atasema binti wa mzee wa kanisa ni mvivu. Brashi ilikuwa bado na rangi. Nikapaka. Rangi ilipokauka asubuhi nikazikaza boliti mwenyewe kwa vidole na spana ndogo, kama baba alivyonifundisha, naye akarudisha taa bila kuona kitu. Akanipigapiga begani akaniita fundi. Wallahi, nilifurahi kuliko siku ya ubatizo wangu.

Ijumaa hiyo hiyo mama akashikwa na uchungu. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, na tulikuwa tumekingoja kitoto hicho miaka mingi. Nyanya alikuwa mkunga. Alizalisha nusu ya mlima ule. Alikaa na mama tangu adhuhuri, na mara zote alitoka jikoni akicheka. Jua lilipokaribia kutua, alitoka hacheki. "Mtoto amekaa vibaya," akamwambia baba. "Mimi nimefika mwisho wangu. Mpeleke hospitali Kisii."

Ukungu ulikuwa umeshashuka, ule ukungu wetu mzito unaofuata mvua, na njia ya kuteremka ilikuwa udongo mwekundu, korongo upande mmoja. Tukamlaza mama nyuma juu ya godoro. Baba akawasha injini, akavuta swichi ya taa.

Taa hazikuwaka. Zilitoa wekundu kidogo tu, kama kaa linalozimika. Akazima, akavuta tena. Wekundu ule ule. Akapiga honi, na honi ikalia kwa nguvu mpaka mlima wa pili wakajibu kwa mluzi. Akajaribu kwenda hivyo hivyo, nyanya akitembea mbele na kandili, lakini ukungu uliumeza mwanga ule baada ya hatua tatu, na kwenye kona ya kwanza gurudumu likaning'inia korongoni. Mama akapiga ukelele. Majirani wakatuvuta nyuma kwa kamba mpaka uwanjani kwetu.

Baba akalikimbilia sanduku lake, akakuta kufuli. Jua lilikuwa limetua. Akasimama pale, mikono imening'inia, akimtazama nyanya. Sijawahi kumwona mtu mzima amekosa la kufanya namna ile. Nyanya akang'ata pindo la leso kwa meno, akautoa ufunguo, akamrushia kifuani. "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato humtoi? Na huyu ni mke wako! Nyasae, Mungu wetu, akusamehe baadaye, sasa fungua!"

Akafungua. Akajaribu balbu nyingine. Akakaza vichwa vya betri. Akachukua waya, akautoa kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye taa. Hakuna. "Umeme unafika," alikuwa akirudia, "umeme unafika, mbona haiwaki?" Mama alikuwa ameacha kupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mimi nilikuwa nimemshikia baba kandili, kivuli chake kikicheza ukutani. Nilikuwa sijui bado. Nakuapia, sikujua.

"Kimbia ukamwite fundi wa redio," akaniambia.

Fundi wa redio alikuwa jirani yetu Mkatoliki, ng'ambo ya kijito. Yeye na baba walikuwa wakitaniana kila wiki juu ya siku ya kuabudu. Nilianguka mara mbili njiani, nikampata anakula ugali wa wimbi. Hakunawa hata mkono. Alikata jani la mgomba akajifunika kichwa, tukakimbia.

Alimsikiliza baba, akainama. "Mzee, umeme ni kama mgeni," akasema. "Umemwonyesha mlango wa kuingia. Wa kutokea uko wapi?" Akaukata ule waya mweusi nyuma ya taa, akaunga kipande cha waya, akakigusisha kwenye kichwa cha pili cha betri. Taa ikalipuka mwanga mweupe usoni mwetu. Watu wakapiga vigelegele. Baba akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi.

Wakaziunga zote mbili vile, zirudi moja kwa moja betrini, wakazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Fundi akamulika kwa tochi ndani ya upenyo aone ule waya wa zamani ulikuwa na nini. Akampa baba tochi. Baba akachungulia. Kisha wote wawili, nakwambia wote wawili, wakatazama mikono yangu iliyoshika kandili. Kucha zilikuwa bado za kijani. Hapo nikajua: rangi yangu ilikuwa imeufungia umeme mlango wa kutokea.

Tukapanda wote, fundi pia, tukaenda. Taa zile zilipasua ukungu vizuri sana, zikaonyesha kila jani la chai kando ya njia, nami nilizichukia.

Hospitalini walimpokea mama mbio. Baadaye daktari akatoka akasema mama atapona. Halafu akasema, "Mtoto wa kiume. Mngewahi kidogo tu." Alisema kwa upole, lakini nimelibeba neno hilo maisha yangu yote.

Asubuhi mama alifungua macho akauliza kilichotuchelewesha. Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi. "Betri," akasema. "Ilikuwa imechoka. Kosa langu, ningeibadilisha mapema." Betri iliyopiga honi ikajibiwa mlima wa pili! Fundi wa redio, aliyekuwa amesimama mlangoni na jani lake la mgomba, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo, mama, betri." Baba yangu hakuwa anadanganya hata bei ya ndizi sokoni Daraja Mbili. Alidanganya mara moja, siku ya Sabato, mbele ya mke wake aliyefiwa, kwa ajili yangu.

Mama hakupata mimba nyingine. Nilikua peke yangu. Baba hakuniita tena kumshikia kitu garini, na miaka mingi nilidhani ananilaani moyoni. Nilimwogopa, nikasoma mbali, nikaolewa mbali. Kumbe labda alikuwa ananiepusha nisipaone tena mahali pale. Sijui. Mara ngapi nilikaa naye barazani nikasema moyoni, leo namwambia, halafu nikamwuliza habari za chai? Mwaka jana tulimzika. Mama alitangulia, akiamini betri. Fundi wa redio naye alikwenda, na nyanya zamani sana. Yale makambi, zile pasi za makaa, ule mluzi wa mlima wa pili, vyote vimekwenda, na siri imebaki na mimi kama chungu kisicho na wa kukirithi.

Mnunuzi alikuwa ameng'oa madigadi ya kushoto. Akaigeuza. Ndani palikuwa pakavu, rangi haijababuka, michirizi ya brashi inaonekana wazi, midogo, ya mkono wa mtoto. Boliti ilikuwa bado pale nilipoikaza. Waya mweusi wa baba, uliofungwa kwa tyubu, ulining'inia pembeni.

"Mama, hizi taa ziliharibika nini, mpaka zikafungwa waya wa pekee hivi?" akauliza, kwa kuongea tu.

Nikamwambia. Mgeni kabisa, sijui hata jina lake. "Nilipaka rangi mahali nilipokatazwa," nikasema. "Ni mimi. Ndugu yangu akafa." Nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi, juu ya kinu.

Kijana wa watu alishtuka. Akaiangalia ile madigadi, akakwangua kidogo kwa ukucha, akatafuta neno la kunituliza, akapata lile alilokuwa nalo.

"Usijali, mama," akasema, akiitundika kwenye mizani. "Rangi haina uzito."