Wimbo Wangu Uliowatoa Watu Nje Mtabila

Wimbo wangu mwenyewe ulinitapisha. Sitanii.

Niliinama kando ya nyumba za udongo, mchana kweupe, nikatapika huku sauti yangu ikiendelea kuimba kwenye spika.

Ngoja niwaeleze.

Mwishoni mwa 2012 nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Kasulu na shahada na gitaa. Kazi sina. Mapenzi ya mji ninayo tele, mpaka washikaji wananicheka.

Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa inafungwa. Warundi waliokaa pale miaka na miaka wanarudi kwao. Nikatunga wimbo wa kuwaaga.

Kwetu Waha mgeni hatoki peke yake. Unambebea mzigo hadi mbali, na ndani umemwekea maharage au unga wa njiani. Ndicho nilichoimba: Kasulu tunakuja, tokeni nje, tuwasindikize.

Salumu, mwenye gari la matangazo pale sokoni, akaupenda.

"Msanii, nipe hiyo kitu nikawapigie kambini."

"Bure?"

"Kwani unawaaga au unawauzia?"

Nikaona haya. Nikampa flashi.

Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda kuona. Njiani napishana na watu wa mji wangu wanarudi. Baiskeli zimebeba milango. Mama mmoja wa kwaya yetu ana cherehani kichwani, jasho linamtiririka, anatabasamu. Mwalimu wangu wa darasa la tano kajitwisha godoro.

"Mwalimu, vipi tena?"

"Wahi, Kipriani. Wanaondoka leo, hawana ujanja. Ukiwapa mche wa sabuni wanakuachia kitanda."

Alinifundisha uraia, huyo.

Gari la Salumu lilikuwa limeegeshwa kwenye nyumba za kwanza za kambi. Wimbo unapiga, unakatwa, Salumu anaingia na kipaza sauti: "Wana Kasulu, mzigo ndio huu, wahini." Kisha wimbo tena.

"Salumu, zima."

"Kausha, kaka. Wimbo wako una baraka. Umewatoa wote nje."

Sikumwelewa.

Mbele kidogo nikamkuta mama Immakulata, mmoja wa Warundi waliokuwa wanaondoka. Mwanawe Claude niliimba naye parokiani. Amekaa mlangoni, ila mlango wenyewe haupo. Pembeni yake sufuria kubwa, tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, chakula kimeisha."

"Chakula gani?"

"Tulisikia sauti yako tangu mbali. Nikawaambia wenzangu, huyu ni mtoto wetu, Kasulu wanakuja kutusindikiza. Tukapika maharage yote tuliyofunga ya safari. Tukatandika mikeka."

"Wakala?"

"Wakashiba. Halafu wakaanza kuuliza cherehani ni ya nani." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Wewe ungemkataliaje mtu aliyetoka kula kwako?"

Hakulia. Alinitazama tu, kama anayengoja nimweleze.

Hapo ndipo nilipokimbilia kando ya nyumba, nikainama, nikatapika.

Nilipojifuta mdomo, lori lilikuwa limeanza kupakia. Nikambebea kifurushi chake. Kilikuwa chepesi mno. Nikataka kumwekea kitu ndani, nikapapasa mifuko yangu yote.

Simu. Ufunguo wa chumba. Basi.

Mimi niliyetunga wimbo wa kusindikiza wageni nilikuwa nimekuja kuwaaga bila hata kibaba cha unga. Nilikuja kusikiliza jinsi wimbo wangu unavyolia kwenye spika kubwa.

Akakipokea kile kifurushi, akasema, "Umenibebea. Inatosha."

Haikutosha. Alijua, nami nilijua.

Bado naishi Kasulu. Naipenda, na kuna siku naikinai kama chakula kilicholala. Vijana wananiuliza mbona siutungii mji wimbo tena.

Nawajibu hivi: mji nilioimba haukuwepo. Niliusifu kwa wema niliotamani uwe nao, wageni wetu wakauamini, wakapika. Ukitaka kuusifu mji wako, anza kwa kufanya wewe hicho unachousifia. Usipokifanya, nyamaza, kuna mtu anakusikiliza, ana safari ndefu mbele yake.