Vumbi la Rangi ya Chini

Siku yangu ya kwanza karakanani, kando ya Ziwa Kitangiri, sikushika brashi. Fundi Mkuu, Mzee Msengi, aliitikia shikamoo yangu, akanipa kitambaa kilicholoweshwa thina ya kuyeyushia rangi na kunionyesha boti kuukuu iliyopinduliwa juu ya magogo.

"Sugua hapo. Rangi ikiyeyuka, niite. Isipoyeyuka, niite vilevile."

Ndivyo tulivyoanza na kila boti iliyokwisha kutumika. Huwezi kuchagua rangi mpya kabla hujaijua ya zamani, kwa sababu rangi ngumu ikipakwa juu ya laini, ile inayoyeyuka, hubanduka vipande vipande. Vijana wengi hudhani rangi ya chini ni urembo. Sehemu ya boti inayokaa majini huota utelezi wa kijani; ukiuacha, boti huwa nzito na injini hunywa mafuta. Kwa hiyo rangi yetu ilitiwa shaba, ambayo ni sumu kwa utelezi huo. Ile laini huchakaa polepole na kuondoka na uchafu wake, nayo inafaa boti inayolala majini. Ngumu huvumilia kuburutwa mchangani kila jioni.

Kabla ya kupaka, tulikwangua rangi ya zamani na kupiga msasa mpaka mbao zionekane. Hapo Mzee Msengi hakuwa na mzaha: mbao zilowe kwanza. Vumbi la rangi ile likiingia kifuani, alisema, halitoki.

Mwaka mmoja kijiji cha ng'ambo kilinunua boti ya mbao iliyotumika Mwanza, ili kuvusha wagonjwa, ikaletwa kwetu ipakwe upya. Mkunga wao, mama mmoja mwembamba asiyependa kukaa, alikuja kuifuata. Kiangazi kilikuwa kikali. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, na kati ya karakana na maji palikuwa na tope la kuzamisha mtu mapajani, lisilopitika na ndoo ya maji. Kisima nacho kilikuwa kimekauka.

"Pigeni msasa mkavu," Meneja wa karakana akaamuru.

"Haiwezekani, bosi. Tusubiri maji," Mzee Msengi akajibu.

Mkunga akasogea. "Baba, kuna binti kule mimba yake imekaa vibaya. Mtumbwi utampindukia. Nisubiri mpaka lini?"

Mzee Msengi akatugeukia sisi mafundi. "Nyie bado mna watoto wadogo. Kaeni kule upepo unakotokea." Akajifunga kitambaa puani, akaingia chini ya boti peke yake. Tulimsikia akisugua, tukaona vumbi jekundu likimfunika. Mara mbili tatu nilinyanyuka kumsaidia, akanifukuza kwa mkono.

Tulipaka rangi ya msingi, kisha rangi ngumu yenye shaba, mkono wa kwanza ukakauka kabla ya wa pili. Kazi ilikuwa safi. Tukaisukuma boti topeni, tumeishikilia tusizame, mpaka ikaelea. Baadaye tukapata habari kwamba yule binti alikuwa amekwisha kufariki kabla boti haijafika.

Mzee Msengi alianza kukohoa. Hospitali walimpa dawa hizi na zile. Masika ilipofika hakuweza tena kupanda kutoka ziwani hadi kwake bila kukaa njiani. Tulimzika kabla ya mavuno.

Karakana ilifungwa maji yalipozidi kurudi nyuma. Mimi nikahamia Mkiwa kupaka kuta za maduka, kazi ambayo mtu hujifunza kwa asubuhi moja, na huko ndiko nilikozeekea. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Mtinko. Vijana wakiniuliza ufundi wangu wa zamani, nawaeleza, wananisikiliza kwa heshima, wanaaga. Wangeupeleka wapi?

Juzi nilikwenda Kitangiri, kijiji kile cha ng'ambo, kuhani msiba. Palipokuwa na maji sasa mbuzi wanakula majani. Nikamkuta yule mkunga, sasa bibi kizee, anaipasua ile boti kwa shoka.

"Shikamoo, mama. Mbao za chini usizichome, zina sumu. Moshi wake utakuua."

"Marahaba. Nipikie nini, baba? Miti unaiona?"

Sikuiona. Nikachukua shoka, nikampasulia mbao za juu zisizo na shaba, nikazibeba hadi mlangoni kwake. Zilikuwa chache. Akanishukuru sana, tukaagana.

Sijafika barabarani nikasikia shoka linaanza tena.