Peremende ya Mama

Kituoni kwetu, mtaalamu wa matamshi tunamwita Shangazi Mapovu, maana huwapulizisha watoto mapovu ya sabuni ili kulegeza midomo, na wazazi hudhani anacheza tu. Waache wadhani. Lakini peremende zake si za watoto.

Juzi alikuja mama mmoja na bintiye asiyesema neno.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Mama akajibu.

"Unapenda kuchezea nini?"

Mama akadakia tena.

"Shika peremende hii, dada," Shangazi Mapovu akamwambia. "Nyonya, usitafune. Ikiisha ndipo uongee."

Mama akaitia mdomoni. Binti akalitazama shavu la mama yake lilivyovimba, akanuna, kisha akafoka:

"Na mimi je?"

Mama akafungua mdomo amjibu. Shangazi Mapovu akamtumbukizia ya pili.